Kidonge cha bure na kidonge cha kununua

Ndugu msomaji, fikiria una vidonge viwili mkononi. Kimoja umepewa kwenye dirisha la dawa la zahanati, kimetoka katika kimfuko kidogo cha plastiki kisicho na picha wala rangi. Kingine umekinunua dukani kwa pesa yako, kimekaa ndani ya karatasi inayong'aa yenye jina kubwa. Vyote viwili ni paracetamol ya miligramu 500. Kichwa kinakugonga tangu asubuhi. Utameza kipi?

Swali hili ninaliuliza ninapopita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, na jibu karibu halibadiliki. Watu wanacheka kwanza, halafu wananyoosha kidole kwenye kile cha kununua. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, cha bure kitakuwa na nguvu gani?" Mama mmoja akasema kwamba zahanati wanatoa "paracetamol tu", lakini dukani wanauza dawa. Nilipomwomba anionyeshe hiyo dawa ya dukani, akaitoa kwenye kitambaa alichofungia pesa. Nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo sana, ilikuwa imeandikwa paracetamol.

Baadhi ya wenzangu katika kazi hii wakisikia habari kama hizo wanasema watu wetu hawajaelimika, tuongeze semina. Mimi sikubaliani nao. Mama yule anajua kusoma. Mzee yule alikuwa mwalimu kule nyumbani kabla ya vita. Jambo linalowapata si ujinga, ni jambo linalompata kila mwanadamu mwenye macho na masikio, akiwemo daktari, na limepimwa mara nyingi katika nchi ambazo watu wake wamesoma kutuzidi.

Mwaka 1981 watafiti wawili wa Uingereza, Branthwaite na Cooper, walichapisha katika jarida la madaktari wa nchi hiyo matokeo ya jaribio lililohusu wanawake 835 waliokuwa na kawaida ya kumeza dawa za kichwa. Waliwagawa katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa aspirini ndani ya pakiti ya kampuni inayojulikana sana. La pili lilipewa aspirini ileile, lakini ndani ya pakiti isiyo na jina maarufu. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake, vikiwa katika pakiti ya lile jina maarufu, na la nne vidonge hivyo hivyo vitupu katika pakiti ya kawaida. Aspirini ilisaidia kuliko vidonge vitupu, kama tunavyotegemea. Lakini jina lililoandikwa kwenye pakiti nalo liliongeza nafuu, kwa waliomeza dawa na hata kwa waliomeza kidonge kitupu. Wanawake wale hawakuwa wakidanganya. Maumivu yao yalipungua kweli.

Huko Marekani mwaka 2008 lilichapishwa jaribio lingine, la watu 82. Walipigwa shoti ndogo za umeme kwenye kifundo cha mkono, kabla na baada ya kumeza kidonge walichoambiwa kuwa ni dawa mpya ya maumivu. Nusu yao walielezwa kwamba kidonge kimoja kinauzwa dola mbili na nusu. Nusu nyingine walielezwa kwamba bei imeshushwa hadi senti 10. Vidonge vyote vilikuwa vitupu. Katika kundi la dola mbili na nusu, watu 85 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua. Katika kundi la senti 10 walikuwa 61. Sasa jiulize: kama senti 10 ilipunguza imani kiasi hicho, itakuwaje kwa dawa ambayo bei yake ni sifuri? Neno "bure" nalo ni bei, tena ni bei inayosema kwa sauti kubwa. Wahenga wetu walituambia rahisi ni ghali, na sisi tumelichukua neno hilo mpaka kwenye dirisha la dawa ambapo halihusiki.

Ninazungumzia alama ndogo ndogo: rangi ya boksi, picha ya kopo, mng'ao wa karatasi, koti la muuzaji, bei, mahali kitu kilipowekwa dukani. Hakuna anayesimama mbele ya duka akajiambia, "Nitanunua hiki kwa sababu karatasi yake inang'aa." Akili inapokea alama hizo kwa haraka, inatoa uamuzi, halafu sisi wenyewe baadaye tunatafuta sababu za kuutetea. Ukimuuliza mtu atakwambia kile cha dukani kinamponya upesi. Anasema anachokiona kuwa kweli.

Katika mji wa kawaida pengine hasara yake ni ndogo. Mtu mwenye mshahara akinunua paracetamol ya jina kubwa badala ya ile ya bei nafuu, amepoteza pesa kidogo tu. Lakini sisi tunaishi kwa posho. Pesa ya kununulia kile kidonge kinachong'aa inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye unga au mafuta yaliyouzwa. Familia inapunguza chakula cha watoto ili inunue dawa ambayo tayari iko ndani ya nyumba, kwenye kimfuko cha plastiki kilichotupwa juu ya kabati au kilichosahauliwa chini ya godoro. Nimevikuta vimfuko hivyo vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kubwa kuliko pesa. Mtu anayeamini kuwa hizi ni dawa mbili tofauti anaweza kumeza zote mbili. Panadol ni paracetamol. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za paracetamol kwa siku moja, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na si vyote kwa mkupuo. Akimeza viwili vya zahanati asubuhi, mchana na jioni, na katikati akaongeza viwili viwili vya dukani, amekwisha kuvuka mpaka. Kinachoumia ni ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza asisikie chochote cha kumtisha. Kwa mtoto mpaka huo ni mdogo zaidi na unakwenda kwa uzito wake. Kwa hiyo mzazi asigawe kidonge kwa kukadiria na macho, aje aulize.

Nigusie na rangi. Sote tunajua zile dawa tunazoziita rangi mbili, nusu nyekundu na nusu nyeusi, au nusu njano. Mtu akiwa na mafua anakwenda kuomba "rangi mbili" bila hata kutaja jina la dawa, na muuzaji anampa mbili au tatu kulingana na pesa aliyonayo. Watafiti wa Uholanzi walikusanya mwaka 1996 majaribio yaliyofanywa kuhusu rangi za dawa, wakaona kwamba watu huziona nyekundu, njano na za rangi ya machungwa kuwa dawa za kuchangamsha, na za bluu na kijani kuwa za kutuliza. Kwa hiyo rangi inatuambia jambo kabla dawa haijafika tumboni. Lakini kiuavijasumu hakiui virusi vya mafua hata kikipakwa rangi saba. Na anayemeza mbili leo na moja kesho anawafundisha vijidudu wengine waliomo mwilini mwake namna ya kuizoea dawa, ili siku atakapougua nimonia kweli dawa imshinde.

Sindano ni habari hiyohiyo. Kwa nini mgonjwa akipewa vidonge anaondoka amenuna, na akidungwa anaondoka ameridhika? Maumivu ya sindano yenyewe yamekuwa alama: kikiuma, basi kina nguvu. Wapo wauzaji wanaolijua jambo hili vizuri. Wanavaa koti jeupe, wanaweka kipimo cha daktari shingoni au juu ya meza, na mtu anaketi na kuvua shati bila kuuliza amesomea wapi. Sisemi kila mwenye duka la dawa ni tapeli. Wapo waliosoma na wana kibali, na huyo ukimwomba kibali chake hatakasirika. Ninasema koti jeupe linauzwa sokoni kama nguo nyingine yoyote.

Sasa nifike kwenye kopo la maziwa, ambako alama hizi zimewahi kuua watoto.

Daktari Cicely Williams, yuleyule aliyeandika habari za kwashakoo huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alihamia baadaye Malaya na Singapore. Kule alikuta kampuni za maziwa zinatuma wanawake waliovalishwa kama manesi waende kwa akina mama waliojifungua, wawashawishi kwamba maziwa mazito ya kopo yenye sukari ni bora kwa mtoto mchanga. Mwaka 1939 alisimama mbele ya mkutano wa wakubwa huko Singapore, akaipa hotuba yake jina linalomaanisha Maziwa na Mauaji. Tazama vizuri kilichofanyika. Kampuni hazikuhitaji kubishana na mama juu ya lishe. Zilitumia sare. Mama aliiona sare ya nesi, moyo ukatulia, mkono ukapokea.

Miaka mingi ilipita. Malalamiko yalipozidi duniani, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha tarehe 21 Mei 1981 Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, Marekani peke yake ikakataa, na nchi 3 hazikupiga upande wowote. Ndani ya Kanuni hiyo kuna kifungu kinachokataza kuweka picha ya mtoto mchanga kwenye kopo la maziwa ya watoto, au picha na maneno mengine yanayofanya maziwa hayo yaonekane ni bora. Mtu anaweza kushangaa kwa nini mataifa yote yakae yajadili picha. Ni kwa sababu waliokaa pale walijua kwamba picha inasomwa na kila mtu, hata asiyejua herufi, na inasomwa kwanza. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, Uganda mwaka 1997, na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012.

Je, picha ikiwa si ya mtoto? Huko Laos, kusini mashariki mwa Bara la Asia, kulikuwa na kopo la krimu ya kutia kwenye kahawa. Si maziwa ya mtoto kabisa. Lakini juu yake kulichorwa dubu mkubwa amempakata dubu mdogo kifuani, kama mama anayenyonyesha, na palikuwa na onyo kwamba kisipewe mtoto mchanga. Madaktari walifanya uchunguzi nchini humo, wakauchapisha mwaka 2008. Waliuliza watu wazima 1,098. Karibu nusu yao waliamini mchoro ule unamaanisha kuwa hicho ni chakula cha watoto wachanga au kinaweza kuchukua nafasi ya maziwa ya mama. Kiasi cha 80 katika kila 100 hawakuwa wamelisoma onyo. Na kiasi cha 18 katika kila 100 walisema wamewahi kumpa mtoto wao. Onyo lilikuwepo, limeandikwa, na mwenye kiwanda angeweza kusema ametimiza wajibu. Mchoro ulilishinda.

Nenda sokoni kwetu utazame makopo na vipakiti vya unga mweupe wa kutia chai. Utaona ng'ombe kwenye majani mabichi, utaona nyota, utaona mtoto mnene wa miaka miwili anayecheka. Nimemkuta mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anamchanganyia unga wa aina hiyo ndani ya biberoni, kwa sababu alihisi maziwa yake hayatoshi na mtoto wa kwenye pakiti "amenawiri". Mtoto wake alikuwa anaharisha siku ya nne. Tulimpeleka hospitali ya kambi na akapona, na mama yule leo ananyonyesha. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kosa gani, la kuamini macho yake?

Hata yale maziwa halisi ya kopo ya watoto ni mtihani mkubwa kwa maisha yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba unga huo haukuondolewa vijidudu vyote, kwa hiyo uchanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, halafu yapozwe na kunywewa mara moja. Mtoto mchanga anakula mara nane au zaidi kwa siku. Nani kati yetu ana kuni za kuchemsha maji mara nane, usiku na mchana? Na chupa ioshwe kwa maji gani, siku ambayo bomba limefungwa saa nne asubuhi? Kopo halichori kuni wala foleni ya maji. Ndiyo sababu Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi katika mwongozo wake wa mwaka 2006 lilikataa kupokea misaada ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu bandia ambayo halikuiomba. Mtoto yatima, au mama ambaye kweli hawezi kunyonyesha, ana njia yake maalumu ya kusaidiwa kliniki chini ya uangalizi, na asione haya kuja. Vivyo hivyo mama anayeishi na VVU, asiamue kwa kutazama kopo wala kwa kusikiliza jirani, aje tuongee.

Kuna watakaosema: basi tufundishe, watu wakijua hawatadanganyika. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 1997 watafiti katika duka moja kubwa la Uingereza waliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwenye rafu moja, bei zikilingana. Siku moja walipiga muziki wa Kifaransa, siku nyingine wa Kijerumani. Muziki wa Kifaransa ulipolia, mvinyo wa Kifaransa uliuzwa mara tano ya ule wa Kijerumani. Ulipolia wa Kijerumani mambo yakageuka, wa Kijerumani ukaongoza karibu mara mbili. Wanunuzi walipoulizwa, ni wachache mno waliokubali kwamba muziki uliwagusa. Wale walikuwa watu wazima wenye pesa na shule. Na mwaka 2007 huko California watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano walipewa vyakula viwili viwili vinavyofanana, kimoja kwenye karatasi ya hoteli maarufu ya McDonald's na kingine kwenye karatasi tupu. Wengi walisema cha karatasi ya hoteli ndicho kitamu, na hata karoti, ambazo hoteli ile haikuwa ikiziuza wakati huo, zilipata utamu kwa sababu ya karatasi. Mtoto anayelilia biskuti ya rangi kwenye kibanda mbele ya shule yetu na kuikataa ndizi mbivu hana tofauti na hao.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti baada ya kuhoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, pamoja na wahudumu wa afya 300. Zaidi ya nusu ya wazazi hao walikuwa wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Nataja wahudumu wa afya makusudi, kwa sababu ripoti hiyo ilieleza kwamba kampuni zinawafuata nao pia, kwa zawadi na kwa sampuli. Hapo ndipo ninapotaka kusema neno ambalo pengine halitawafurahisha wakubwa zangu.

Sisi wenye fulana za afya tunawaambia watu wasidanganywe na alama, huku alama zetu wenyewe zinasema vibaya. Nimewahi kuingia kwenye chumba cha kliniki ambacho ukutani kuna kalenda ya kampuni ya maziwa, inaning'inia juu ya benchi la wajawazito mwaka mzima. Aliyeileta pengine alitaka tu kujua tarehe. Lakini mama anayekaa chini yake saa tatu akisubiri kadi anaona kwamba kliniki na kopo ni marafiki. Kalenda hiyo ni ile sare ya nesi wa Singapore iliyogeuzwa karatasi.

Na tazama tunavyotoa dawa. Mgonjwa amesubiri tangu alfajiri. Anafika dirishani, mkono unatokea, kimfuko kinawekwa, sauti inasema "mbili mara tatu", na anayefuata anaitwa. Dawa ni nzuri, imenunuliwa kwa utaratibu, imehifadhiwa vizuri, haijapitwa na muda. Lakini kila kitu kilichoizunguka kinasema haina thamani: haina jina, haijaelezwa, aliyeitoa hakuinua uso. Halafu mgonjwa anapita kwa mwenye duka, anapewa kiti, anasalimiwa kwa jina, anaulizwa habari za watoto, na pakiti inafunguliwa mbele yake kama zawadi. Tunashangaa nini akiamini ya pili? Foleni ni ndefu na watumishi ni wachache, hilo ninalijua. Lakini kuandika neno "paracetamol" juu ya kimfuko na kumtazama mtu usoni hakuchukui hata dakika moja.

Alama si adui. Zikitumika vizuri zinaokoa. Wengi mnaikumbuka ile nembo ya jani la kijani iliyokuwa ikionekana kwenye pakiti za dawa mseto za malaria, Kenya, Tanzania na Uganda. Asiyejua kusoma alijifunza kuitafuta nembo ile, akajua hii ni dawa iliyothibitishwa ubora na bei yake imepunguzwa. Jani dogo lilifanya kazi ambayo hotuba nyingi zisingeweza. (Kwa upande mwingine, ile pakiti ya lishe ya karanga tunayowapa watoto wenye utapiamlo mkali inafanana mno na pipi, ndiyo maana ndugu zake wote wanaigombania na nyingine zinafika sokoni. Ile ni dawa ya mtoto mmoja. Natamani ingeonekana hivyo.)

Kwa hiyo maombi yangu ni machache. Wewe unayenunua, kabla ya kutoa pesa geuza pakiti uangalie mgongo wake. Mbele ni pa muuzaji. Nyuma ndipo palipo jina halisi la dawa, uzito wake na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama herufi ni ndogo au ni za lugha usiyoijua, mwombe muuzaji akusomee jina la dawa iliyomo, si jina la kampuni, kisha linganisha na kilicho nyumbani. Asiyetaka kukusomea amekwisha kukujibu. Usinunue dawa wakati mtoto analia mgongoni na muuzaji anakuharakisha. Omba dakika moja, pumua, uliza.

Ninyi wenye vibanda, ndugu zetu mnaotafuta riziki kama sisi, hamtapoteza kitu mkitoa makopo ya maziwa kwenye ile rafu ya mbele, usawa wa macho ya mama aliyebeba mtoto, na kuweka mayai, maharage na dagaa mahali pale. Wapo wawili mtaani kwetu waliokwisha kufanya hivyo, na dagaa wanatoka.

Na kwa wenye zahanati: kalenda ishushwe. Kila kimfuko kiandikwe jina la dawa kwa kalamu nene, pamoja na kipimo, na chini yake maneno kwamba hiyo ni dawa ileile inayouzwa dukani. Wahudumu wa kujitolea tuko tayari kukaa mchana na kuviandika, tunachohitaji ni kalamu na meza. Mwenye pakiti, kopo au dawa asiyoielewa aje nayo siku ya kliniki ya watoto, au amsimamishe mhudumu yeyote wa afya anayepita mtaani kwake, tuigeuze tuisome nyuma pamoja.